Harusi Iliyochorwa Ukutani

Mlionisimamisha sokoni wiki nzima kuniuliza nani aligonga mlango wa Bi Gomti, shikeni jibu lenu: alikuwa Mjerumani.

Tena hakuja peke yake. Nyuma yake walisimama wenzake kama thelathini, wanaume wamefungwa vilemba vyekundu vilivyokwisha kulegea, wanawake wamejiviringishia sari kama watu waliotoka kuoga. Yeye alikuwa mzee mrefu, pua imebabuka kwa jua. Mkewe alikumbatia boksi lenye utepe.

"Harusi?" akauliza kwa Kihindi cha kukariri, huku akinyoosha kidole ukutani.

Bi Gomti hakuwa na haja ya kutazama. Ukuta ni wake. Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, ameketi hapo tangu Jumatatu, rangi inang'aa, na chini yake maneno makubwa: Binti wa nyumba ya Vyas anaolewa. Karibuni wote. Ndani ya ngome ya Jaisalmer, harusi ikishachorwa ukutani, kadi haina kazi. Kila mwenye macho amealikwa.

Na tarehe iliyoandikwa, ambayo hakuwahi kuikagua, ilikuwa ya leo.

Jambo moja tu lilimtoa Bi Gomti kijasho chembamba. Nyumba ya Vyas haikuwa na binti. Haikuwahi kuwa naye.

"Mama mkubwa!" Sauti ilitoka nyuma ya vilemba. "Mbona unawasimamisha wageni mlangoni? Au bibi harusi hina haijakauka?"

Purushottam. Nani tena? Mtoto wa shemeji yake, mwenye nusu ya nyumba hii kwa urithi wa baba yake, na mwenye hoteli nzima hapo nyuma, ukuta kwa ukuta. Alivaa koti la hariri na tabasamu la mtu aliyeshinda kesi kabla haijasomwa.

Bi Gomti akamvuta pembeni kwa pindo la koti lake.

"Puru, ni wewe uliyewaleta hawa?"

"Ni wageni wangu. Wameona picha, wameuliza. Nikawaambia ndiyo, harusi ya nyumbani kwetu, twendeni." Akashusha sauti. "Sasa nitolee bibi harusi. Jua likizama hujamtoa, basi huyu Ganesh ni wa uongo, na Ganesh wa uongo anaoshwa kwa ndoo moja tu. Mafundi wangu wanaingia kesho asubuhi."

Hapo ndipo penyewe, msomaji. Purushottam alitaka ukuta wa mbele uvunjwe, kiwekwe kioo, wageni wanywe kahawa huku wakitazama watu wakipita kichochoroni. Bi Gomti ameishi nyuma ya ukuta huo miaka arobaini na mitatu. Ukivunjwa, atabaki na chumba kimoja chenye meza za watu mlangoni, au aende Barmer akalale sebuleni kwa mdogo wake. Ila alijua jambo moja: ngome nzima haina fundi atakayegusisha tindo kwenye Ganesh wa harusi, kwa kuwa huyo hukaa mpaka nyumba ipate harusi nyingine. Ndipo alipomwita mchoraji, akamwambia aandike tarehe ya mbali.

Mchoraji mwenyewe, Mzee Bhuraram, alikuwa kwenye kona ya kichochoro, amejificha nyuma ya ng'ombe.

"We Bhura! Nakuona! Hebu njoo hapa!"

Akaja kwa kujikunyata, brashi sikioni.

"Nilikuambia uandike tarehe gani?"

"Ya mwakani, Bi Gomti. Ulisema ya mwakani."

"Na ukaandika?"

"Siku ya Gyaras, ya leo." Akatazama viatu vyake. "Nimechora harusi miaka thelathini, dada yangu. Miungu imelala miezi minne, leo ndiyo inaamka, nani aliyewahi kuoza mtoto siku nyingine kabla ya leo? Ukitaja harusi, mkono unaandika Gyaras wenyewe."

"Na akili ilikuwa wapi?"

"Kwenye ngamia. Nilikuwa na ngamia kumi na wawili wa kumalizia hotelini kwa Puru. Nimechora ngamia wengi kuliko walioko jangwani, Bi Gomti, hata sijui tena wana magoti mangapi."

Wageni walianza kupiga picha. Ng'ombe naye alipigwa picha. Kumfungia mgeni mlango siku ya harusi ni aibu ambayo hata Bi Gomti, kwa ujanja wake wote, hakuwa na ubavu wa kuibeba.

"Karibuni ndani," akasema. "Vueni viatu."

Uani, kando ya mti wa tulsi, alikuwa ameketi Ruchika, binti wa fomu. Huyu alitumwa kutoka Jaipur kuwauliza wakazi wa ngome wanaonaje kuishi kwenye mji wa watalii. Ilikuwa siku yake ya tatu kwa Bi Gomti, na kila siku kulitokea jambo la kumkatiza.

"Mama, tumalizie? Tulifika swali la kumi na moja."

"Uliza, mwanangu. Uliza polepole." Bi Gomti alihitaji muda wa kufikiri, na fomu ile ilikuwa ndefu.

"Kwa kipimo cha moja hadi tano, unaridhika kiasi gani na uwepo wa wageni?"

Bi Gomti akawatazama wale thelathini wakijibanza uani kwake. Mmoja alikuwa ameshika ungo wake wa kupepetea, anaunusa.

"Mwaka jana mmoja aliingia hadi jikoni. Alidhani ni makumbusho. Akaniuliza tiketi inakatwa wapi."

"Ukafanyaje?"

"Nikampa vitunguu amenye. Alimenya vizuri, hata nikasikitika alipoaga. Andika tatu."

"Mimi niandikie moja," akadakia Mzee Bissa, kasisi wa hekalu la jirani, aliyekuwa akiingia na fimbo yake kufuata harufu ya viazi. "Wanagonga kengele ya Mungu kama wanamwita mhudumu alete chai."

"Na Mei wakiondoka?" Bi Gomti akamgeukia. "Sema ukweli, mzee. Si wewe unayekaa kizingitini ukilalamika kwamba mji umekufa?"

"Mei kuna joto."

"Joto lipo kila mwaka. Ni upweke huo. Ruchika, mwandikie na yeye tatu."

Purushottam alikuwa akizunguka uani, anatazama saa, anapiga hatua kupima mahali ambapo meza zake zingekaa. Bi Gomti aliziona hatua zile na kila moja ilimkanyaga moyoni.

"Swali la kumi na mbili," Ruchika akaendelea. "Mna tatizo lolote la maji?"

"Maji? Jangwani hapa? Tatizo letu ni kuyatafuta." Akaunyooshea mkono mti wa tulsi, mrehani ule mtakatifu wa kila nyumba, uliosimama kwenye kitako cha jiwe katikati ya ua. "Ila huyu wangu, tangu mwaka juzi hanidai hata kikombe. Tazama majani yalivyojaa. Majirani wanasema ni sala zangu."

Ruchika aliutazama mti, akatazama sakafu chini yake, akaandika kitu kirefu kuliko nafasi aliyopewa kwenye fomu. Bi Gomti hakukijali.

Viazi vitamu vilikuja, vimechemshwa, na vipande vya miwa. Leo ni siku ya mfungo, nafaka haipiti kooni kwa mtu. Wageni walitarajia karamu. Walivitazama viazi kwa heshima kubwa.

"Waambie ndiyo kifungua kinywa cha harusi," Bi Gomti akamwambia Purushottam.

"Na harusi yenyewe je, mama mkubwa? Jua limeshafika kwenye kuta za juu."

Ilikuwa kweli. Mwanga ulikuwa umeshaacha ua, umebaki kwenye mapaa tu. Alifikiria kuzimia. Alifikiria kusema bibi harusi ametoroka, lakini nani angetoroka, na kwa mguu gani? Kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, mama huyu aliishiwa.

Na hapo, msomaji, aliyemwokoa hakujua kwamba anaokoa mtu.

Yule mke wa Mjerumani alitaka kumenya kiazi. Mkono mmoja ulishika sahani, mwingine boksi, na shali yake nyekundu yenye nyuzi za dhahabu ilikuwa inamdondoka begani. Akatafuta pa kuitundika. Akaitundika kwenye mti wa tulsi.

"Loo!" Mzee Bissa akatoa macho. "Kaugeuza mti mtakatifu kigingi cha nguo!"

Purushottam alikuwa wa kwanza kuruka. "Samahanini, hajui, huyu hajui—" Tayari ameushika upindo wa shali.

"Mwache!"

Bi Gomti alisimama. Sauti ile hakuwahi kuitoa mbele ya watu tangu afiwe.

"Ondoa mkono wako, Puru. Unataka kumvua bibi harusi nguo mbele ya wageni?"

Purushottam aliduwaa, upindo mkononi.

"Bibi harusi gani?"

"Huyo uliyemshika. Leo ni Gyaras. Leo tulsi anaolewa na mungu Vishnu, India nzima, kila mwaka, au umesahau kwa kulala na hesabu za vitanda? Ukuta unasema binti wa nyumba ya Vyas. Mimi sikubahatika kuzaa binti. Nilipoingia nyumba hii nina miaka ishirini nilimkuta huyu ana majani manne. Nimemlea mimi. Nimemfuta vumbi, nimemfunika dhidi ya baridi, nimemweleza mambo ambayo sikumwambia marehemu mume wangu. Kama huyo si binti, basi nionyesheni binti ni nini!"

Alikuwa ameanza kwa hila, nakwambieni ukweli. Lakini alipofika kwenye majani manne sauti ilimkatika, na machozi yaliyotoka hayakuwa ya kuigiza.

Mzee Bhuraram akapenga kamasi kwa kitambaa cha rangi. Akabaki na pua ya bluu.

"Sawa," Purushottam akasema. Alikuwa mwepesi, huyu kijana, tumpe haki yake. "Vizuri sana. Lakini bibi harusi hutolewa na wazazi, mume na mke. Wewe ni mjane, mama mkubwa. Mjane hasimami mbele kwenye harusi."

Miaka kumi na tisa Bi Gomti amehudhuria harusi akiwa nyuma ya mlango, anasikiliza nyimbo kupitia mbao. Akaanza kurudi nyuma mwenyewe kutoka kwenye mti.

Mzee Bissa aligonga fimbo sakafuni.

"Huyu binti kalelewa kwa maji ya nani?" akauliza.

"Ya Bi Gomti," watu wakajibu.

"Basi atamtoa aliyemwagilia. Kasisi hapa ni mimi, si mwenye hoteli. Ngojeni nikamlete bwana harusi."

Akaenda kwa mwendo ambao watu hawajauona miguuni mwake tangu apasuliwe goti, akarudi na jiwe jeusi, laini, la kuenea kiganjani. Ndiye Vishnu mwenyewe. Akalitazama lile kundi la vilemba.

"Bwana harusi haji peke yake. Msafara wake uko wapi?"

"Si hao?" Bi Gomti akaachia tabasamu la kwanza siku nzima. "Wamekuja na vilemba, wamekuja na zawadi, na mkubwa wa msafara si Puru, aliyewaleta? Puru mwanangu, karibu, mkwe wangu!"

Ngome ilicheka. Nasema ngome kwa kuwa majirani walikuwa wameshapanda mapaa yote ya kuzunguka, na kicheko kilishuka kutoka juu kama maharage yamemwagika. Purushottam naye akacheka, kwa shingo upande.

Harusi ikafungwa. Miwa minne ilisimamishwa kuwa banda. Shali ya Kijerumani ikawa ushungi. Mtu alileta bangili, mtu akaleta kioo, na boksi la zawadi lilipofunguliwa kumbe ni saa ya ukutani yenye ndege wa mbao, ikatundikwa kwenye tawi. Wanawake wakaimba. Yule mzee wa pua nyekundu alilia kuliko wote, akamwambia mkewe kitu, mkewe akamkumbatia.

Bi Gomti alisimama mbele. Alimtoa binti yake kwa mkono wake mwenyewe, na alipogeuka alimkuta Ruchika amesimama naye, kalamu imesahauliwa nyweleni.

"Ukuta umepona, Mama," akanong'ona.

"Umepona, mwanangu."

Mapema mno.

"Mama mkubwa," Purushottam akaita. Alikuwa ametulia, mikono nyuma. "Umesema mwenyewe mbele ya ngome nzima. Mimi ndiye mkubwa wa upande wa bwana harusi."

"Nimesema."

"Basi nimekuja kumchukua bibi harusi. Binti akiolewa anabaki kwao? Anakwenda kwa mumewe. Na nyumba ya upande wa mume ni hoteli yangu." Akawageukia vijana wanne wa jikoni kwake. "Mbebeni. Na kitako chake. Ukuta umeupata wewe, mama mkubwa. Ua naupata mimi. Meza nane zitakaa hapo bila kusukumana."

Kicheko cha mapaani kilikatika. Bi Gomti alimtazama Mzee Bissa. Mzee Bissa alitazama fimbo yake, kwa kuwa hapakuwa na la kubisha. Ndivyo ilivyo desturi, na mtego aliutega yeye mwenyewe kwa mdomo wake.

"Niacheni nimuage," akasema.

Akaweka paji la uso kwenye majani. Nyimbo za kumuaga bibi harusi zinajulikana, lakini siku ile hakuna mwanamke aliyeweza kumaliza ubeti. Aliagana naye kama mama yeyote anavyoagana, kwa kumkumbusha mambo madogo. Jua la asubuhi analipenda. Paka msimkaribishe. Kisha akasogea.

Vijana wanne wakainama, wakashika kitako cha jiwe, wakavuta.

Hakikutoka kama jiwe linavyotoka mahali pakavu. Kilitoka kwa kufyonzwa, kama mguu unaong'oka matopeni.

Chini yake palikuwa na tope. Tope jeusi, zito, limejaa mizizi myeupe ya tulsi iliyosambaa kila upande. Katika mji ambao haujaona mvua tangu Agosti.

"Msisogee," Ruchika akasema.

Akapiga magoti, akaweka sikio sakafuni. Watu wote wakazuia pumzi, na wote wakasikia. Chini ya mawe ya ua wa Bi Gomti, maji yalikuwa yanatembea.

"Mama, hizi si sala." Ruchika aliinua uso, umempauka. "Nyumba ya nyuma ina mabafu mangapi?"

Macho yote ya uani na ya mapaani yalikwenda mahali pamoja. Purushottam alifungua kinywa.

"Kumi na moja," akasema kwa sauti ndogo. "Na bwawa la kuogelea. Dogo tu. Ni... juu ya paa."

Hapo ndege wa mbao akatoka kwenye saa, akalia mara sita, na jiwe moja la sakafu likazama kiasi cha kidole.

"Tutoke nje," Ruchika akasema. "Wote. Polepole. Mtu asikimbie."

Watu wakaanza kugeukia mlango, na ndipo Bhuraram, aliyekuwa ametoka kwenda kuosha pua yake, akapiga yowe kutoka kichochoroni.

"Bi Gomti! Msipite mlangoni! Ganesh amepasuka kuanzia tumboni mpaka mkongani! Ukuta unakuja nje!"

Watu sitini na zaidi walikwama uani. Mlango ulikuwa mmoja, nao ulikuwa katikati ya ukuta huo.

Bi Gomti alimng'oa binti yake kitakoni, mizizi na udongo na shali, akampakata kifuani. Kisha akamgeukia Purushottam, ambaye sasa alikuwa amemshika mkono bila kujijua, kama alivyomshika alipokuwa mtoto wa miaka minne.

"Haya, Puru," akasema. "Miezi yote hii umetaka ukuta uvunjike. Sasa uambie usimame."